Karatasi za shashi zilizochakatwa upya: Yampasayo mnunuzi kuyajua

KATIKA maduka ya Port Reitz, upande wa bara magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, roli za karatasi za shashi hupangwa rafu moja na sabuni na viberiti. Baadhi yake ni nyeupe pepepe na pakiti zake zimepambwa kwa maua. Nyingine zina weupe uliofifia, unaokaribia kijivu, na aghalabu bei yake huwa chini kidogo.

Wanunuzi wengi huiona ile ya kijivu kuwa karatasi ya wasio na uwezo, au hata uchafu uliookotwa jaani na kurudishwa dukani. Wengine huichukua kwa ajili ya bei tu, bila ya kujiuliza ilitoka wapi.

Ukweli ni kwamba uchaguzi huo mdogo unagusa mambo kadhaa makubwa: fedha za mlaji, riziki ya mwokota karatasi, uhai wa misitu na usafi wa ufuo wa bahari. Unagusa pia swali ambalo ni nadra kuulizwa dukani: kuna haja gani ya kuukata mti ili kutengeneza kitu kitakachotumiwa kwa sekunde chache na kisha kutupwa chooni?

Bandari na jaa

Port Reitz ni jina la hori inayopita upande wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa, na pia ni jina la mtaa na wadi katika eneo bunge la Changamwe. Jina hilo lilitokana na Luteni John James Reitz, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa kuiangalia Mombasa mwaka 1824, pale Kapteni William Owen alipouweka mji huo chini ya ulinzi wa Waingereza kwa muda mfupi. Reitz alifariki mwaka huohuo.

Leo hori hiyo ni sehemu ya shughuli za bandari. Kituo cha pili cha makontena, ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2016, kimejengwa Kipevu, ukingoni mwa maji hayo. Bandari ya Mombasa ndiyo mlango unaopitisha shehena za karatasi na malighafi ya kuitengeneza zinazoagizwa kutoka ng'ambo, zikielekea viwanda vya bara na nchi jirani.

Wakati karatasi mpya ikiingia kwa meli, karatasi iliyokwisha kutumika imekuwa ikirundikwa majaani mwendo mfupi kutoka hapo. Kwa miaka mingi, taka za mji zilimwagwa Kibarani, kando ya barabara ya Makupa na pembezoni mwa bahari. Jaa hilo lilifungwa mwaka 2018 na mahali pake pakaanza kupandwa miti na nyasi. Tangu hapo taka zimekuwa zikipelekwa Mwakirunge, huko Kisauni.

Kuhamisha jaa hakupunguzi taka. Karatasi inayofukiwa chini ya taka nyingine huoza pasipo hewa na kutoa gesi ya metheni, mojawapo ya gesi zinazoongeza joto duniani. Ile inayochomwa uani hutoa moshi unaowadhuru majirani. Katika hali zote mbili, nyuzi ambazo zingaliweza kutengenezewa bidhaa nyingine hupotea.

Karatasi ni nini

Karatasi ni nyuzi ndogo za mimea zilizovurugwa ndani ya maji, zikatandazwa juu ya wavu na kuachwa zishikamane zinapokauka. Gundi si lazima. Nyuzi zenyewe hushikana. Ndiyo maana karatasi ikiloweshwa na kukorogwa hurudi kuwa rojo, na rojo hilo laweza kutandazwa tena likawa karatasi nyingine.

Jambo hili si uvumbuzi wa jana. Ofisa wa Kichina, Cai Lun, ambaye jina lake hutajwa pamoja na mwaka 105 katika historia ya karatasi, anasemekana kutumia magamba ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Kwa karne nyingi baadaye, karatasi katika nchi za Kiarabu na Ulaya ilitengenezwa kwa matambara. Mbao zilianza kutumika kwa wingi katika karne ya 19 tu, baada ya mashine kuongezeka na matambara kuwa haba. Kwa hiyo, kutumia vitu vikuukuu ndio mwanzo wa kazi hii, na kukata miti ni desturi iliyokuja nyuma.

Hata hivyo, nyuzi haziishi milele. Kila zinapovurugwa na kukaushwa, hukatika na kupungua urefu. Kwa makadirio ya kawaida, uzi wa mbao waweza kupitia kiwandani mara tano hadi saba kabla ya kuwa mfupi mno kushikamana na mwenzake.

Hivyo karatasi hushuka ngazi. Nyuzi ndefu na mpya hufaa kwa mifuko ya saruji, pakiti za unga na karatasi bora za kuandikia. Zikishapungua urefu, hufaa kwa magazeti na maboksi. Zikizidi kuwa fupi, hufaa kwa trei za mayai na karatasi za shashi.

Hapa ndipo ilipo hoja kuu. Shashi ya chooni ndiyo safari ya mwisho ya uzi wa karatasi. Daftari laweza kuwa boksi, na boksi laweza kuwa trei ya mayai, lakini shashi ikishatumika haikusanywi tena. Kutumia uzi mpya kwa kazi hiyo ni sawa na kumchinja ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya mchuzi wa siku moja. Kutumia uzi uliokwisha kufanya kazi nyingine ni kumalizia kilichokuwa kikikaribia mwisho wake.

Safari ya kiwandani

Karatasi kuukuu inapofika kiwandani huchambuliwa kwanza. Nyeupe za ofisini hutengwa na magazeti, na magazeti hutengwa na maboksi. Kisha hutiwa katika pipa kubwa lenye maji na mapanga ya kuzunguka, ambamo husagika na kuwa rojo.

Rojo hupitishwa kwenye machujio yanayonasa pini, vipande vya plastiki, gundi na mchanga. Baadaye hutiwa sabuni maalumu na kupulizwa hewa kutoka chini. Wino hujishikiza kwenye mapovu, mapovu huelea juu, na povu jeusi huondolewa. Kazi hiyo haina tofauti kubwa na mama anayeengua povu la nyama chunguni.

Baada ya kuoshwa, rojo laweza kupaushwa ili liwe jeupe zaidi. Kisha hutandazwa kwenye wavu unaokwenda kasi, na utando huo mwembamba hubandikwa juu ya silinda kubwa ya chuma inayopashwa moto kwa mvuke. Hukauka mara moja, na kisu kirefu huubandua. Katika kubanduliwa huko karatasi hupata mikunjo midogo midogo, na mikunjo hiyo ndiyo inayoifanya shashi iwe laini na iweze kufyonza maji.

Kutokana na hatua hizo, dhana ya kwamba shashi iliyochakatwa upya ni taka iliyokunjwa haina msingi. Rangi ya kijivu haitokani na uchafu. Hutokana na mabaki machache ya wino, au na uamuzi wa kiwanda kutotumia dawa nyingi za kupausha.

Hali ya Kenya

Kenya ilikuwa na kiwanda kikubwa cha kugeuza mbao kuwa karatasi, Pan African Paper Mills, kilichoko Webuye kandokando ya mto Nzoia. Kilianza uzalishaji mwaka 1974 kikitegemea miti ya kupandwa. Mashine zake zilisimama mwaka 2009 kwa sababu ya madeni na gharama, na mali yake ikauzwa kwa kundi la kampuni za Rai mwaka 2016.

Mnamo Februari 2018, serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, baada ya mito kupungua maji na malalamiko kuhusu uharibifu wa misitu kuzidi. Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo mwezi Julai 2023, hatua iliyozua mjadala mkali. Mafunzo ya matukio hayo ni wazi: mbao za humu nchini si chemchemi isiyokauka, na za kuagizwa hulipiwa kwa fedha za kigeni.

Kwa upande mwingine, karatasi kuukuu zinapatikana kila mji. Chandaria Industries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kiwanda katika eneo la Baba Dogo, Nairobi, imejulikana kwa miaka mingi kuwa mtumiaji mkubwa wa karatasi kuukuu katika kutengeneza shashi. Hilo halimaanishi kwamba kila bidhaa ya kampuni moja imetokana na nyuzi za aina moja. Mtengenezaji yuleyule aweza kuuza shashi ya nyuzi mpya na nyingine ya nyuzi kuukuu. Mnunuzi anapaswa kusoma pakiti badala ya kutegemea jina.

Je, ni salama kwa afya?

Kwa matumizi ya chooni, shashi iliyochakatwa upya na kukaushwa kiwandani ni salama kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Mwenye ngozi inayowasha kwa urahisi anapaswa kuwa mwangalifu zaidi kuhusu manukato na rangi kuliko chanzo cha nyuzi. Shashi yenye maua ya rangi na harufu ya waridi huwa imeongezwa kemikali zisizohitajika katika kazi hiyo.

Weupe nao si kipimo cha usafi. Zamani viwanda vingi duniani vilipausha rojo kwa gesi ya klorini, na kazi hiyo ilitoa sumu ziitwazo dayoksini zilizoingia mitoni. Tangu miaka ya 1990 viwanda vingi vimeiacha gesi hiyo na kutumia dawa zenye madhara machache zaidi, kama vile haidrojeni peroksaidi. Palipoandikwa kwamba bidhaa haikupaushwa kwa klorini, hiyo ni sifa njema.

Lipo jambo moja linalohitaji hadhari. Risiti nyingi za supamaketi na za mashine za benki huchapishwa kwa joto juu ya karatasi iliyopakwa kemikali, na aina moja ya kemikali hizo, inayofahamika kwa herufi BPA, imehusishwa na kuvuruga homoni za mwili. Umoja wa Ulaya uliwekea kikomo matumizi yake katika karatasi za risiti kuanzia Januari 2020. Risiti hizo zikichanganywa na karatasi kuukuu, kemikali hiyo huingia katika rojo.

Kuzitambua ni rahisi. Risiti ikikwaruzwa kwa ukucha na alama nyeusi ikatokea, hiyo ni ya aina hiyo, na haifai kuwekwa pamoja na karatasi za kuchakatwa.

Vilevile, karatasi iliyochapishwa au kuchakatwa upya pasipo kusudi la kubeba chakula haipaswi kugusana na chakula chenye mafuta. Mafuta ya moto huyeyusha wino na kuuingiza kwenye chakula. Mamlaka ya usalama wa chakula ya India ilitoa onyo kuhusu kufungia chakula kwenye magazeti mwaka 2016. Onyo hilo lawahusu pia wauzaji wa bajia, viazi karai na mahamri wa Pwani. Zaidi ya hayo, gazeti likishaingia mafuta huwa limeharibika, na kiwanda hakilitaki tena.

Jinsi ya kuchagua

Jambo la kwanza la kutazama ni alama. Ile ya mishale mitatu inayofuatana katika umbo la pembetatu ilibuniwa na mwanafunzi wa Marekani, Gary Anderson, mwaka 1970. Wengi hudhani kila penye alama hiyo bidhaa imetokana na karatasi kuukuu. Sivyo. Mishale mitupu kwa kawaida huashiria kwamba bidhaa au pakiti yaweza kuchakatwa. Ikiwa katikati mna asilimia, hapo ndipo panapoelezwa kiasi cha nyuzi kuukuu kilichomo.

Alama nyingine ni ya FSC, baraza la kimataifa la kusimamia misitu lililoundwa mwaka 1993. Alama hiyo ina madaraja matatu. Penye neno la Kiingereza "Recycled," nyuzi zote ni za kuchakatwa upya. Penye "Mix," nyuzi zimechanganywa. Penye "100%," nyuzi zote ni mpya lakini zimetoka katika misitu inayotunzwa ipasavyo. Mnunuzi asiidhanie 100% hiyo kuwa ni kiasi cha karatasi kuukuu.

Baadhi ya pakiti hutofautisha pia nyuzi zilizopita mikononi mwa watumiaji na mabaki ya kiwandani yasiyowahi kutumika. Zote mbili ni afadhali kuliko mti mpya, lakini za kwanza ndizo zinazopunguza taka za majumbani.

Jambo la pili ni ubora. Bidhaa iliyoidhinishwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, huwa na alama ya ubora pamoja na nambari ya kibali chini yake. Uhalali wa nambari hiyo waweza kuthibitishwa kwa kutuma neno SM, alama ya reli na nambari ya kibali kwa 20023. Roli zinazouzwa zikiwa uchi, pasipo pakiti wala jina la mtengenezaji, haziwezi kuthibitishwa kwa njia yoyote, hata zikiwa nyeupe namna gani.

Jambo la tatu ni bei halisi. Waswahili husema rahisi ghali, na shashi ni mfano mzuri wa methali hiyo. Roli zaweza kulingana kwa unene machoni ilhali moja imezungushwa kwa ulegevu juu ya mrija mpana. Kuhesabu roli hakutoshi. Ni lazima kutazama uzito, idadi ya vipande na idadi ya tabaka.

Tuseme roli moja yauzwa Sh25 na ina gramu 80, nayo nyingine yauzwa Sh30 na ina gramu 110. Gramu 100 za ile ya kwanza zitagharimu takriban Sh31, na za ile ya pili takriban Sh27. Iliyoonekana kuwa ya bei nafuu ndiyo ghali. Ikiwa uzito haukuandikwa, mizani ya dukani inayopimia sukari yatosha kumaliza ubishi.

Jambo la nne ni matumizi. Wakazi wengi wa Pwani hujisafisha kwa maji, kwa desturi na kwa mafundisho ya dini ya Kiislamu, na shashi kwao ni ya kujikaushia. Karatasi nyembamba ya tabaka moja hulowa na kukatika mwilini, na mtu hulazimika kutumia nyingi. Kwa nyumba kama hizo, shashi iliyochakatwa upya yenye tabaka mbili ni bora, kwa kuwa vipande viwili au vitatu hutosha. Pale ambapo mifereji hukauka na maji hununuliwa kwa mitungi, hesabu hubadilika na roli huisha upesi zaidi.

Kwa nyumba zenye mashimo ya choo au matangi ya majitaka, inafaa kujua kama karatasi inavunjika majini. Jaribio lake ni jepesi. Vipande viwili hutiwa katika chupa ya maji na kutikiswa kwa nguvu. Shashi ya chooni yapaswa kumeguka. Taulo za karatasi za jikoni haitamegukia humo, kwa sababu huongezwa dawa ya kuzipa nguvu zikiwa na maji. Hizo hazifai kutupwa chooni kamwe.

Bidhaa nyingine za nyumbani

Shashi si karatasi pekee inayoingia nyumbani. Trei za mayai za karatasi hutengenezwa karibu zote kwa magazeti na maboksi kuukuu, na zikikauka zaweza kurudishwa kwa muuzaji au kutumika tena mara nyingi. Maboksi mengi ya bidhaa yana nyuzi kuukuu ndani yake.

Madaftari ya wanafunzi huhitaji uangalifu. Karatasi dhaifu mno huchanika mtoto anapofuta na hufanya wino usambae, na daftari lisilomaliza muhula si akiba. Kwa madaftari, nyuzi kuukuu zikichanganywa na mpya huleta uwiano mzuri wa nguvu na bei.

Taulo za jikoni na sevieti ndizo ambazo familia yaweza kuzipunguza kwa urahisi zaidi. Kitambaa cha pamba kilichokatwa kutoka leso kuukuu hufuta meza mwaka mzima na hufuliwa. Karatasi bora zaidi ya kuhifadhi mazingira ni ile ambayo haikununuliwa kwa kuwa haikuhitajika.

Kazi huanzia nyumbani

Hakuna shashi ya nyuzi kuukuu pasipo karatasi kuukuu zilizo safi. Hapa ndipo familia nyingi hukosea bila ya kujua. Gazeti, daftari lililokwisha na pakiti ya unga vikitiwa katika ndoo moja na maganda ya ndizi, mabaki ya samaki na maji ya mchele, thamani yake hutoweka papo hapo.

Anayeumia kwanza ni mwokota karatasi. Yeye hulipwa kwa kilo, na karatasi iliyolowa au kuchafuliwa hukataliwa au kukatwa bei na mnunuzi wa jumla. Msimu wa masika humzidishia taabu, kwa kuwa mvua na unyevu wa Pwani huharibu mzigo uliowekwa nje. Aidha, kutoka Mombasa hadi viwanda vya Nairobi ni mwendo wa kilomita zipatazo 480, na gharama ya lori hukatwa kutoka katika bei anayolipwa. Mzigo msafi, mkavu na uliofungwa vizuri ndio unaoweza kustahimili safari hiyo na bado ukamwachia mkusanyaji kitu mfukoni.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe mahali zinapozalishwa, zile zinazooza zikiwekwa mbali na zisizooza upesi. Kanuni zilizochapishwa mwaka 2024 zimewatwika watengenezaji na waagizaji wa bidhaa wajibu juu ya vifungashio vyao hata baada ya mteja kuvitupa. Lakini sheria haiingii jikoni na kutenga gazeti na ganda la embe. Hilo ni la mwenye nyumba.

Utaratibu wenyewe hauna gharama. Gunia moja kavu hutundikwa ndani, mbali na jiko na maji. Humo huingia magazeti, madaftari, bahasha, maboksi yaliyokunjuliwa na pakiti za unga zilizokung'utwa. Hakuingii risiti za mashine, pakiti za maziwa zenye utando wa plastiki, karatasi zenye mafuta, wala shashi iliyotumika. Gunia likijaa hukabidhiwa au huuzwa kwa mkusanyaji wa mtaa.

Mipaka ya faida

Si vyema kuisifia karatasi iliyochakatwa upya kupita kiasi. Kiwanda chake pia hutumia maji, umeme na kemikali, na huacha tope la wino na nyuzi zilizokatika ambalo ni lazima litupwe kwa njia salama. Hesabu inayotajwa mara nyingi, ya kwamba tani moja ya karatasi kuukuu huokoa miti 17, ni ya kukadiria na hutegemea aina ya mti na ya karatasi.

Aidha, dunia haiwezi kuishi kwa nyuzi kuukuu pekee. Kwa kuwa uzi huchakaa, ni lazima nyuzi mpya ziingie katika mzunguko kila mwaka, na kwa hivyo misitu ya kupandwa itaendelea kuhitajika. Suala ni mahali pa kuziingiza. Nyuzi mpya zinafaa kuanzia kwenye kitabu au kwenye mfuko imara, ili zitumike mara nyingi zikishuka ngazi. Kuzianzishia chooni ni kuzimaliza kabla hazijafanya kazi.

Kwa mnunuzi wa Port Reitz, basi, mambo ya kukumbuka si mengi. Asome asilimia ndani ya mishale, atafute alama ya KEBS, apime uzito badala ya kuhesabu roli, na aepuke manukato na rangi. Akifika nyumbani, aitenge karatasi kavu na taka za jikoni. Roli ya kijivu iliyo dukani leo yaweza kuwa ndiyo daftari la mtoto wa jirani la mwaka jana, na gazeti litakalowekwa gunianí likiwa kavu litakuwa na nafasi ya kurudi katika rafu hiyohiyo badala ya kuozea Mwakirunge.